Kiarabu Changu Kibovu na Deni la Madam

Wasichana wangu, kila mnapokuja hapa kwangu Wundanyi kuniuliza kazi za Saudia zikoje, mnataka niwaambie habari za kupika wali wa kabsa na kupiga pasi kanzu. Hayo mtafunzwa hukohuko. Mkikosea mtafokewa, mkipatia hamtaambiwa kitu, na maisha yataendelea. Mimi kazi ya kwanza niliyofunzwa Riyadh, kabla hata sijaonyeshwa ufagio uko wapi, ilikuwa kusema uongo kwenye simu. Na niliifanya vibaya kuliko kazi zote nilizowahi kupewa.

Tulikaa mtaa wa Suwaidi. Madam wangu, tumwite Madam Najla, alikuwa na duka la kushonea mabuibui. Mumewe ndiye aliyelifungua kwa mkopo, lakini karatasi zote ziliandikwa jina la mke. Nilipofika mimi, pamoja na lile wimbi la wasichana ambao ajenti waliwachukua kila kijiji siku hizo, mume alikuwa ameshatoa talaka na kuhama, duka limefungwa, cherehani zimebebwa na kutupwa kwenye ghala moja huko Sulay. Kilichobaki nyumbani ni mkopo. Kampuni iliyokopesha ilichoka kudai, ikalikabidhi deni kwa ofisi ya watoza madeni. Hao kazi yao ni kudai pesa za wengine na kukatiwa fungu lao. Wakapata namba ya simu ya nyumba, na simu yenyewe ilikuwa jikoni.

"Kisho," Madam aliniambia. Jina langu ni Wakesho, lakini yeye alilikata akabakiza alichoweza kutamka. "Mtu yeyote akipiga, sema: Madam mafi."

Mafi ni hakuna, hayupo. Neno rahisi. Simu ikalia, Madam yuko pale mezani anakula tikiti maji. Sauti ya mwanamume ikauliza Madam Najla yuko wapi. Mimi nikaogopa kukosea, nikataka yule mtu aelewe kwamba ninatekeleza maagizo sawasawa. Nikamwambia, "Madam kalam: Madam mafi." Yaani, Madam anasema Madam hayupo.

Madam akaweka uma chini.

Yule mwanamume akasema taratibu ili hata mimi nielewe, "Basi nisalimie huyo Madam ambaye hayupo."

Ndivyo nilivyojuana na Ustadh Idris. Alikuwa Msudani, mtoza madeni, ofisi yao iko Olaya kwenye yale majumba marefu ya vioo. Alipiga karibu kila siku ya kazi. Mwanzoni nilimwogopa, baadaye nikamzoea.

Kuna jambo moja mlijue kuhusu Kiarabu. Sisi tunaozungumza Kiswahili tunafika kule tukijiona tumeshakijua nusu yake. Tunasikia sahani, kitabu, asali, tunasema aa, kumbe ni lugha yetu. Kiburi hicho kiliniponza mapema. Madam aliniambia niweke basal kwenye nyama, na basal ni vitunguu. Mimi nikasikia asali. Nikamimina kikombe kizima, nikakoroga kwa moyo safi, nikawapelekea wageni. Hata baada ya siku ile sikupata akili. Niliendelea kuamini kwamba mimi na Waarabu tunaelewana.

Kodi ya Suwaidi ikamshinda Madam, tukahamia Jidda kwa mama yake, bibi mmoja mnene mcheshi ambaye sote tulimwita Sitti. Idris akatupata na huko. Mambo yenyewe yakawa yamekaza. Kesi ilikuwa imefika mahakamani, na Madam akafungiwa huduma zote za serikali. Hakuna askari anayekuja nyumbani kukukamata, ila ukiingiza jina lako kwenye kompyuta ya serikali halipiti popote. Kwa Madam hiyo ilikuwa aibu. Kwangu mimi ilikuwa kifungo, kwa sababu yeye ndiye kafili wangu, mwenye dhamana ya karatasi zangu zote. Ikama yangu, kile kibali cha kukaa, ilikuwa imekwisha. Mkataba wangu ulikuwa umekwisha. Na bila yeye kuniombea viza ya kutoka, sitoki.

Kwa hiyo deni la cherehani ambazo sijawahi kuzitia uzi likawa ndilo linalonizuia kurudi Taita.

Nilimwacha binti yangu Mghoi akiwa mdogo, analelewa na mama yangu. Kila Ijumaa nilipiga simu. Zamani walikuwa wanaipigania simu na mama. Siku moja nikamsikia mama akimwita, "Mghoi, njoo umsalimie mamako," na mtoto akajibu kutoka uani, "Si nilimsalimia juzi?" Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyeambiwa akateke maji na pipa limejaa. Siku hiyo niliosha bafu lote la Sitti, kuta mpaka juu, na hakuna aliyeniagiza.

Sasa sikilizeni nilivyoingia kwenye majadiliano. Msidhani nilikuwa shujaa. Niliingia kama mtu anavyoingia kwenye matope.

Madam alikuwa amempeleka Sitti hospitali. Alinipigia akasema watarudi baada ya nusu saa, niandae sambusa. Niko kwenye mafuta, simu ya nyumba ikalia. Idris. Nikaibana kwa bega. Akasema maneno mengi kwa haraka, nikadaka mawili tu: "Madam" na "kam". Kam ni kiasi gani. Nikajua anauliza Madam atakaa kiasi gani mpaka arudi.

"Nusu," nikamjibu.

"Nuss?"

"Nusu."

"Nuss, bas?"

"Nusu, basi!" Nikashangaa ugumu uko wapi.

Akacheka kidogo, akasema tayyib, sawa, atamuuliza mudiri, yaani bosi wake. Nikakata simu nikigeuza sambusa na kujisifu jinsi Kiarabu changu kilivyoiva.

Kesho yake Madam akapokea simu mwenyewe akidhani ni hospitali. Alipomaliza akaja jikoni, akasimama mlangoni.

"Kisho, ulimwambia nini yule mtu?"

"Nilimwambia utarudi baada ya nusu saa, Madam."

"Alikuuliza Madam atalipa kiasi gani. Ukamwambia nusu. Ameshampelekea mudiri wake!"

Nilitamani kuingia ndani ya friji. Madam alifoka, akapiga kofi mlango wa kabati, akauliza nani alinipa mamlaka. Sitti alikuwa sebuleni anasikia yote. Akaanza kucheka mpaka akakohoa. "Najla," akasema, "na huyo mudiri akajibu nini?"

Madam akatulia. "Amesema nusu haiwezekani. Lakini amesema tuendelee kuongea."

Hapo ndipo nyumba ilipobadilika. Miaka yote ile hakuna aliyekuwa amewahi kuwapa wale watu namba yoyote. Madam alikuwa anajificha, Idris anatisha, na mimi nasema mafi. Nusu yangu ya bahati mbaya ndiyo iliyokuwa neno la kwanza la maana. Lakini Madam alikataa katakata kuongea naye mwenyewe. Idris aliwahi kumpigia kaka yake Madam kumweleza habari za deni, na ile fedheha haikumtoka. "Wewe ndiye uliyeanza," akaniambia. "Endelea."

Nikapanda juu ya paa kuanika nguo, kwa Zuhura. Zuhura alikuwa mtu wa Kisauni, Mombasa, anafanya kazi orofa ya juu yetu. Alisoma madrasa akakihifadhi Kiarabu vizuri, na kabla ya kuja Saudia alikuwa akikopesha madera kwa wanawake wa Kongowea. Kwa hiyo deni alilijua kwa upande wa mdai. Nilimsimulia, akakaa chini ya kamba za nguo akajifunika uso kwa shuka yangu mbichi kwa kucheka.

"Bibi we," akasema alipopata pumzi, "sasa nusu umeshaitamka, usiipandishe wewe. Mwache yeye ashuke."

"Akikataa?"

"Atakataa. Wewe nyamaza tu. Mwisho wa mwezi atapiga tena. Yule naye ana bosi, na bosi huuliza mwezi huu umeleta nini. Mimi wateja wangu walikuwa wanajua kabisa lini nimebanwa na kodi."

Yale aliyonifunza Zuhura kwenye paa lile nimeyatumia maisha yangu yote, hata kwa fundi wa bati. Usimtukane anayekudai, maana kesho utamhitaji. Usitaje tarehe ambayo hujui pesa itatoka wapi. Kama unataka kupunguziwa, uwe na uwezo wa kulipa kwa mkupuo, kwa sababu kinachomlainisha ni pesa iliyo karibu. Pesa iende kwenye akaunti ya kampuni, isiingie mfukoni mwa mtu. Na usilipe hata ndururu mpaka uwe na karatasi yenye muhuri inayosema mkilipa kiasi hiki, deni lote limekwisha. "Bila karatasi," akasema, "utalipa leo, na mwakani atapiga mwingine mwenye sauti nzuri zaidi."

Nilikariri yote. Kisha nikayavunja karibu yote.

Deni lilikuwa riyali elfu arobaini na kitu. Idris alianza kwa thelathini na tano. Nilijibu nusu. Akakata simu kwa adabu. Akapiga tena baadaye, thelathini. Nikasema nusu. Madam amesimama nyuma yangu ameshika kiti, Sitti mlangoni. Namba hazikunisumbua, maana thelathini ni thelathini kwao na kwetu. Nikaanza kujiona wakili. Kusema kweli, siku hizo nilikuwa napokea simu nikiwa nimekunja mkono kiunoni.

Mwisho wa mwezi ulipofika, Idris akapiga akiwa amechoka. Akasema, "Kisho, nimeongea na mudiri mpaka koo limekauka. Hamsa wa ishrin. Halas, mwisho."

Waarabu huanza na kimoja ndipo waje kwenye kumi. Hamsa wa ishrin ni ishirini na tano. Nilikuwa najua. Sokoni nilinunua vitu kwa namba hizo kila wiki. Lakini kichwa cha wakili kilikuwa kimeshavimba. Mimi nikasikia: tano, na ishirini. Nikajiambia, ahaa, ishirini za kampuni, tano za kwake mwenyewe.

Nikamlipukia. "Hamsa haram! Hamsa rashwa! Inta haramii!"

Kwa Kiswahili safi, nilimwambia zile tano ni haramu, ni rushwa, na yeye ni mwizi.

Simu ikakatika. Nikageuka kwa Madam nikitabasamu, nangoja pongezi. Madam, ambaye sauti ya Idris ilimfikia pale nyuma yangu, alikuwa ameketi kwenye kile kiti, mikono usoni.

"Alikuwa ameshafika ishirini na tano," akasema. "Kaka yangu alikubali kunisaidia kama itafika hapo."

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Aliinuka akaenda chumbani kwake polepole, na mimi nikabaki na ule mkono wangu wa kiunoni sijui niuweke wapi. Kumbe kaka alikuwa amekataa kulipa elfu arobaini, lakini alipoona linashuka alilegea. Na mimi nimeuchoma mkate uliokwisha kuiva.

Idris hakupiga tena. Nikampigia, hakushika. Nikampigia tena, hakushika. Wiki zikapita, na kwa mara ya kwanza tangu nifike Saudia niliitamani simu ile ilie. Ijumaa nilipopiga nyumbani, mama aliniuliza narudi lini, nikamwambia karatasi zinashughulikiwa. Sikuwa na uso wa kumwambia kwamba mshughulikiaji ni mimi.

Zuhura alinitungia maneno ya kuomba radhi, nikayakariri nikisugua sufuria. Ulipokaribia tena mwisho wa mwezi, Idris akashika simu. Hakusalimia. Nikavuta pumzi, nikasema kwa heshima zote, "Ustadh Idris, inta asif."

Nilitakiwa kusema mimi ninaomba radhi. Nilichosema ni: wewe unaomba radhi.

"Mimi?" akauliza. "Umeniita mwizi, na anayeomba radhi ni mimi?"

"Hapana! Mimi! Mimi mwizi!" nikapiga kelele.

Nikasikia watu wanacheka upande wa pili, ofisi nzima. Alikuwa ameweka simu kwenye spika. Naye mwishowe akacheka, hakuwa na la kufanya. Alipotulia nikamweleza kwa lugha zote nilizokuwa nazo: habari za ishirini na za tano, kosa langu, ikama iliyokwisha, mtoto asiyekuja kwenye simu. Sijui alielewa kiasi gani. Kisha akaniambia nimwite Madam. Madam Najla akaja mwenyewe, akauchukua mkono wa simu kwangu, akamjibu salamu yake. Ilikuwa mara yao ya kwanza kuongea bila kutishana. Wakakubaliana elfu ishirini na mbili, kwa mkupuo, karatasi kwanza.

Tukaenda Riyadh kwa gari la kaka yake Madam, naye Madam akataka niende. "Simjui yule mtu," akasema. "Unamjua wewe." Nilikaa kiti cha nyuma na ikama yangu iliyokufa, na kwenye kila kizuizi cha polisi nilimwomba Mungu wa Taita na wa Uarabuni pia. Polisi walitazama kaka na dada mbele, wakatupungia mkono.

Mimi nilikuwa nimemchora Idris kichwani: jitu lenye ndevu na pete. Kule Olaya, lifti ikafunguka, akasimama mtu mwembamba mwenye miwani, shati limepigwa pasi likaisha rangi, kwenye meza yake kuna kopo la chakula na picha ya watoto.

"Kisho?" akauliza.

"Ndiyo, Ustadh."

"Mimi si mwizi."

"Si mwizi, Ustadh."

"Watu wameniita mbwa. Wameniita shetani. Hayo nimezoea. Lakini rushwa, na mama yangu alinilea kwa kuuza chai..." Akamalizia kwa kutikisa kichwa. Alikuwa amekibeba kitu kile wiki zote zile. Mimi niliyezoea kumsikia kama mbu wa simu, sikuwahi kufikiri kwamba naye anarudi kwake na maneno yetu. Nikamwomba radhi tena, safari hii kwa sentensi iliyonyooka.

Kaka akatoa pesa. Nikakumbuka masomo yangu, nikaingilia kati kwa sauti ya hakimu: karatasi kwanza! Idris akaisukuma karatasi mbele yangu. Nikaishika kwa mikono miwili, nikaitazama juu mpaka chini, nikatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika na kila kifungu. Kaka yake Madam akanyoosha mkono taratibu, akaigeuza. Nilikuwa nimeishika juu chini.

Idris alituagizia chai. Tulilipia benki siku ileile, akatupa na karatasi ya pili, ya kumalizana.

Kompyuta za serikali hazikulipitisha jina la Madam siku hiyohiyo. Tulisubiri, tukafuatilia, tukalipa faini za ikama. Hatimaye viza yangu ya kutoka ikatoka. Na hapo, wasichana, ndipo upumbavu wangu ulipofika kileleni. Mimi niliyeshusha deni la mtu mpaka nusu nilikuwa nadai mshahara wa miezi mingi, na sikuweza kufungua mdomo. Nilizunguka jikoni nikifanya mazoezi. Nikaenda sebuleni mara nyingi. Kila nilipomfikia Madam, kilichotoka ni, "Madam, chai?" Alikunywa chai siku ile mpaka akaniuliza kama ninaumwa.

Zuhura akanifukuza kutoka kwenye paa. "Shuka ukaseme. Ukisamehe mshahara wako, deni lake umelilipa wewe."

Nikashuka. Nikasema bila kumtazama, "Madam, mshahara wangu."

"Najua," akasema. "Nilikuwa nangoja useme. Nilikuwa natafuta pa kuanzia." Alikuwa amepata kazi ya kushona kwa mtu. Tuliketi tukapiga hesabu: sehemu kubwa kabla ya ndege, iliyobaki atume. Alituma, kwa vipande vidogo, kipande cha mwisho nikiwa nimeshasahau. Wengine wangekula. Namtaja kwa wema.

Voi nilipokelewa na mama. Mghoi alikuwa amesimama nyuma yake, mrefu, meno ya mbele makubwa, gauni nililomtumia limeshakuwa fupi. Akaniamkia shikamoo, mkono kaunyoosha, kama anavyoamkiwa mgeni wa kanisa. Nikataka kumwita, na kwa kihoro ulimi ukaniletea Kiarabu. "Taali, habibti, taali." Yaani, njoo, kipenzi changu, njoo. Akarudi nyuma hatua. Mama akamwambia, "Ni mamako, mwanangu, amechoka tu."

Sikumvuta. Niliketi juu ya sanduku langu palepale kituoni, watu wanatuzunguka na mizigo, nikaanza kufungua viatu kwa sababu miguu ilikuwa imevimba. Sikuwa na neno hata moja kichwani, la lugha yoyote. Baada ya muda nikaona vidole vyake vya miguu, vina vumbi, vimesimama karibu na vyangu.

"Umekalia nini humo ndani?" akauliza.

"Nguo zako," nikasema. "Lakini sijui kipimo chako. Nilikisia."

Akanitazama, akalitazama sanduku. "Inuka basi tujaribu."

Nikainuka.